Kupita Bila Kuchungulia: Mama Pacha Anatuaga

Ijumaa, tarehe 27 Juni

Kwako Mama Pacha,

Mhariri wa jarida letu amenipa sharti moja tu: niandike habari zako kana kwamba hupo. Nitajitahidi, ingawa najua siku ya hafla ya kukuaga, haya yakisomwa, utakuwa umekaa safu ya mbele, mkoba mapajani, unatikisa kichwa kila unapotajwa kwa wema. Vumilia. Leo si zamu yako ya kusahihisha.

Jumatatu, tarehe 30 Juni, Mama Pacha atastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa mchapaji, enzi ambazo kompyuta za ofisi nzima zilikuwa chache na kila moja ilifunikwa kwa kitambaa jioni kama kitanda cha mgeni. Anatoka akiwa mkuu wa kitengo cha kujenga programu, na sijui kama kuna programu hata moja iliyotoka katika jengo hili bila kupita mbele ya macho yake.

Kwa ndugu na jamaa watakaosoma jarida hili nyumbani, nieleze kidogo, kwa kadiri nijuavyo mimi wa mapokezi. Waandishi wa programu huandika maelekezo kwa maneno na alama ambazo mtu anaweza kuzisoma. Mashine haizielewi. Lazima maandishi hayo yapitie kwenye kompaila, ambayo huyageuza yakawa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Hiyo ndiyo kujenga. Kompaila nayo ni programu tu, imewekwa mahali fulani ndani ya mashine, na humo ndani kila mahali pana mlango, na kila mlango una ruhusa zake: nani aone, nani abadilishe, nani apite. Ruhusa moja ikikaa vibaya, kazi yote inasimama na skrini inakuandikia maneno mawili: ruhusa imekataliwa. Haikupi hata pole.

Maneno hayo mawili ndiyo Mama Pacha amepambana nayo maisha yake yote ya kazi.

Jina la Mama Pacha alilipata hapa hapa. Pacha wake wa kike walizaliwa mwaka uleule alioanza masomo ya jioni ya kuandika programu. Wazee wa ofisi wanasimulia kwamba alikuwa akija asubuhi na kitabu cha kompyuta chenye madoa ya uji. Mwenyewe husema watoto wale ndio waliomfundisha kutafuta kosa. Wakilia wote wawili, anasema, usikimbilie anayelia zaidi. Tafuta aliyeanza. Ukimtuliza aliyeanza, mara nyingi wa pili hunyamaza mwenyewe. Waandishi wa programu wanaoanza kazi huliandika somo hilo kwenye karatasi na kulibandika ukutani, maana mashine nayo ikikosea mara moja hulalamika mara mia.

Mgeni akitembelea kitengo chake anaweza kukuta jambo la kushangaza: watu wazima wamesimama mbele ya skrini moja, wote mikono mfukoni, na mmoja wao anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Huo ni utaratibu wa Mama Pacha. Kosa likitokea, hakuna anayegusa kibodi mpaka ujumbe usomwe wote, kwa sauti, tangu mstari wa kwanza. Aliona zamani kwamba mtu akiona kosa, vidole vyake hukimbia kuliko macho. Akaamua kuvifunga. Akisema, “Mikono mfukoni!” hata meneja hutii. Wenye nguo zisizo na mifuko hukunja mikono kifuani, lakini hilo halimpendezi. Fundi cherehani wake ana amri ya kuweka mifuko miwili katika kila gauni lake, na dada wawili wa kitengo hicho siku hizi wanashonewa na fundi huyo huyo.

Ujumbe ukishasomwa, huanza kuuliza. Nani aliyekataliwa? Alikuwa anakwenda wapi? Amezuiwa kwenye mlango gani? Mtu akimjibu kwa haraka, “Mama, kompaila imegoma,” humwambia, “Kompaila haina chama cha wafanyakazi, haijui kugoma. Nakuuliza, nani kakataliwa?” Watu hucheka, lakini wakishacheka hujikuta wanatazama pale walipotakiwa kutazama tangu mwanzo.

Mtu asidhani kwamba yeye hakosei. Siku moja alitaka kukaza ulinzi wa mashine ya majaribio, akaziondolea ruhusa ya kuendeshwa programu zote za folda moja kwa mkupuo. Miongoni mwa zilizonyang’anywa ruhusa ilikuwamo ile ile ambayo kazi yake ni kugawa ruhusa. Akabaki anaitazama skrini. Anataka kurudisha ruhusa, na wa kuzirudisha naye hana ruhusa. Msimamizi wa mitambo, ambaye sote tunamwita Mjomba, alicheka mpaka akakaa sakafuni. “Mama Pacha,” alisema, “wengine hufunga nyumba wakaacha ufunguo ndani. Wewe umemfungia ndani na fundi wa makufuli!” Kisa hiki hatukukipata kwa wasengenyaji. Anakisimulia mwenyewe kwa kila mfanyakazi mpya, siku ya kwanza, kabla mgeni hajamaliza chai, ili mgeni ajue kwamba hapa kukosea hakuui.

Kama ni mafanikio, yapo mengi na wenzangu watayasoma jukwaani. Alianzisha akaunti ya ujenzi, yaani jina moja la kawaida ambalo kazi zote za kujenga hufanywa kwalo, ili watu wasizoee kutumia akaunti kuu. Akaunti kuu, kwa wasioijua, ni ile isiyoulizwa ruhusa na mlango wowote. Mama Pacha anayo nywila yake kichwani tangu miaka hiyo, na wanaofanya naye kazi wanasema hutoa amri kwayo kama mtu anayeshika kisu cha jirani: anakitumia, anakifuta, anakirudisha. Alifundisha watu ambao leo ni wakuu katika ofisi nyingine. Hakupata kumpigia mtu kelele mbele ya wenzake, jambo ambalo mimi, ninayesikia kila sauti inayopita kwenye korido, naweza kulishuhudia.

Nimeombwa kuandika wasifu huu, badala ya mtu anayejua kompyuta kuliko mimi, kwa sababu moja, na sitaizungukia.

Mume wangu alikuwa mwandishi wa programu katika kitengo hicho. Mlimwita Twiga kwa urefu wake. Alizoea kuinama mlangoni hata penye mlango mrefu, na kiti chake hakuna mwingine aliyeweza kukikalia bila miguu kuning’inia. Ndiye aliyeandika programu ya chanjo, ile inayowatumia wazazi ujumbe wa simu kuwakumbusha siku ya mtoto kurudi kliniki. Aliugua kwa muda mfupi, akafariki. Mlinisaidia kumzika, na sijasahau nani alibeba nini.

Nikarudi kwenye meza yangu ya mapokezi. Watu walikuwa wakipita mbele yangu kwa kunyata, kama wanaopita penye mtoto aliyelala.

Haukupita muda, kliniki zikaleta taarifa kwamba imeongezwa chanjo moja, ya umri ambao programu ya Twiga haikuujua. Ilibidi ibadilishwe na kujengwa upya. Wenzake waliandika mabadiliko kwa asubuhi moja. Walipoamuru mashine ijenge, ikaandika yale maneno mawili, ruhusa imekataliwa, na mbele yake jina la kompaila. Mama Pacha alikuwa likizo, amekwenda kumuuguza mama yake mzazi.

Walifanya ambalo wengi wangelifanya. Waliipa kompaila ruhusa zote. Ikakataliwa. Wakahakikisha tena kwamba ruhusa zote zipo, kila mtu anaruhusiwa kuiendesha. Ikakataliwa. Ndipo mmoja akasema, basi tujenge kwa akaunti kuu. Wakajenga kwa akaunti kuu, ikajengeka, na makofi nikayasikia mpaka mapokezi. Lakini kila kilichozaliwa siku ile kilizaliwa mali ya akaunti kuu. Programu ya chanjo, ambayo huendeshwa na akaunti ya kawaida, haikuweza kufungua hata faili moja. Walipotaka kujenga tena kwa akaunti ya ujenzi, ikazuiwa hata kuyagusa mafaili yale ili iandike mapya. Walikuwa na tatizo moja. Sasa walikuwa na mawili, na la pili lilikuwa limesimama mbele ya la kwanza, limelificha.

Meneja si mtu mbaya. Kliniki zilikuwa zinapiga simu, na mimi ndiye niliyekuwa nazipokea, kwa hiyo najua alivyobanwa. Akaamua kwamba kama mpaka Alhamisi mchana programu haijajengeka, mashine ya ujenzi ifutwe yote na kuwekwa upya tangu mwanzo. Maandishi ya programu yalikuwa na nakala mahali pengine. Ofisi isingepoteza kitu.

Mwenye kupoteza nilikuwa mimi. Mjomba ndiye aliyekuja kuniambia, akasimama mbele ya meza yangu anaizungusha kalamu yangu vidoleni.

“Dada,” alisema, “kwenye mashine ile kuna folda ya marehemu. Niliifunga wiki ya msiba, kama kanuni inavyotaka. Nadhani mna vya kazi na vya nyumbani. Sijatazama.”

Nikamuuliza kama hawezi kunitolea vya nyumbani. Akasema kanuni hairuhusu. Kilichomo ndani ya mashine ya ofisi hakitoki bila idhini ya ofisi kuu, na idhini ya ofisi kuu, kama mjuavyo, ikishindana na kobe, kobe atafika mapema na kupata nafasi ya kuoga. “Mashine ikibaki, idhini itakuja tu siku moja,” alisema. “Ikifutwa Alhamisi, hata idhini ikija itakuta hewa.”

Sikujua mume wangu ameweka nini humo. Nilijua tu kwamba siku zake za mwisho kazini, alipokuwa anakuja kwa kujilazimisha, alikuwa akibaki mezani wakati wenzake wamekwenda kula, ameinamia kompyuta yake, mara anaandika, mara anaongea polepole na kile kipaza sauti kidogo. Nilipomuuliza alinijibu, “Mambo yangu na watu wangu.” Nilidhani angekuja kuniambia.

Mama Pacha aliingia Alhamisi asubuhi na mkoba wa safari bado mkononi. Mjomba alikuwa amempigia simu. Alisimama mapokezi, akanishika bega, akaniuliza hali ya watoto. Hakuniahidi kitu. Siku zile kila mtu alikuwa ananiahidi mambo, na nilimshukuru moyoni kwa kutoniahidi. Kisha akaenda ndani, na mimi nikamfuata mpaka mlangoni, nikasimama hapo. Simu ya mapokezi ilikuwa inalia nyuma yangu. Niliiacha ilie.

“Mikono mfukoni,” alisema.

Wote wakatia mikono mfukoni, na meneja pia. Dada mmoja akausoma ujumbe. Mama Pacha akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tuanze na vile tulivyoviangusha wenyewe. Alisema “tulivyoviangusha”, yeye ambaye hakuwapo. Akarudisha umiliki wa mafaili yote ya ujenzi kwa akaunti ya ujenzi, yale yaliyokuwa yamezaliwa mali ya akaunti kuu. Akajenga. Tatizo la pili likaondoka, na nyuma yake likachomoza lile la kwanza, kama lilivyokuwa. Likasomwa tena kwa sauti.

“Mama, kompaila tumeshaipa ruhusa zote,” mmoja akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekata tamaa.

“Nimesikia, baba. Lakini mtu anaweza kuwa na kadi ya mwaliko mfukoni na bado akazuiwa getini. Twende tangu getini.”

Sijapata kuona kitu kama kile. Aliingia kwenye mashine kwa akaunti ya ujenzi, jina lile la kawaida lisilo na ukubwa wowote, akaanza kuifuata njia ya kwenda kwenye kompaila, folda moja baada ya nyingine, tangu juu kabisa. Kila folda aligonga, ikamfungulia, akaitaja kwa sauti, akaingia inayofuata. Hakuruka hata moja, hata zile ambazo kila mtu pale alijua kwamba ziko wazi. Akafika kwenye folda ya watumiaji, ikafunguka. Akataka kusoma jina la folda inayofuata, akanyamaza. Lilikuwa jina la mume wangu.

Twiga alikuwa ameipata kompaila mpya siku nyingi nyuma, akaiweka ndani ya folda yake mwenyewe aijaribu kwa muda tu. Ilifanya kazi vizuri, wenzake wakaanza kuitumia kutoka hukohuko, na hapo ikakaa. Ofisini hakuna kinachodumu kama kilichowekwa kwa muda tu. Kompaila haikuwa na kasoro, na ruhusa zake zote zilikuwapo. Nyumba iliyokaa ndani yake ndiyo iliyofungwa, wiki ya msiba, na Mjomba aliyeifunga alifanya alichopaswa kufanya. Hapakuwa na wa kulaumiwa.

Mjomba akasema kwa sauti ya chini, “Basi Mama, niifungue? Ni amri moja.”

Meneja alitazama saa ya ukutani.

Mama Pacha, mwenye nywila ya akaunti kuu kichwani, ambaye angeweza kuifungua folda ile macho yamefumbwa, alirudisha mikono yake mfukoni. “Mwenyewe hayupo,” alisema, “lakini mwenzake yuko mlangoni pale.”

Akanipeleka kwenye korido, tukakaa kwenye benchi la wageni. Akanieleza kwamba ruhusa za folda ni mambo matatu, na kila moja hutolewa peke yake. Kuna kuona vilivyomo. Kuna kubadilisha vilivyomo. Na kuna kupita, kwenda kwenye kitu ambacho tayari unajua kilipo. Mtu akipewa ile ya kupita peke yake, ni kama anayevuka sebule ya watu usiku taa zimezimwa: mlango anaoujua ataufikia, lakini sebuleni mna nini haambiwi, hata akiuliza.

“Akaunti ya ujenzi itapita, iitumie kompaila, itoke,” alisema. “Haitachungulia. Hata kiatu cha marehemu haitakiona. Lakini ni kwake, mwanangu, na wewe ndiye mkewe. Ukisema hapana, nitaingia nimwambie meneja hapana, tutafute njia nyingine. Na ikikosekana, lawama ni yangu.”

Tangu msiba nilikuwa nimeelezwa mambo, nimepangiwa, nimeonewa huruma. Kuulizwa, bado. Naye hakunihimiza, ingawa meneja alikuwa ameshatoa kichwa mlangoni mara moja na kukirudisha.

Nikasema, apite.

Akarudi ndani. Akatoa ruhusa ile moja, kwa akaunti ile moja, kwenye folda ile moja. Akaamuru mashine ijenge. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine. Mimi sijui kusoma mistari ile. Nilikuwa nazitazama nyuso za waliokuwa wanajua. Ilishuka na kushuka. Na mwisho kabisa mashine ikaandika mstari ambao Twiga mwenyewe aliutia kwenye maelekezo ya ujenzi, kwa kuwa aliwajua wenzake hawapumziki wasipoambiwa:

Imekubali. Inukeni mkale.

Hakukuwa na makofi. Mmoja wao alitoa mkono mfukoni, akajifuta uso.

“Mmesikia alivyosema?” Mama Pacha aliuliza. “Inukeni.”

Ilikuwa bado asubuhi, hakuna aliyekuwa na njaa. Wakainuka wote, na meneja wao, wakaenda kula.

Waliporudi, Mama Pacha aliihamisha kompaila kutoka folda ya mume wangu na kuiweka mahali pa wote, ambapo ingepaswa kuwa tangu zamani. Akajenga tena kuhakikisha. Kisha akaiondoa ile ruhusa ya kupita, na folda ikafungwa kama alivyoikuta. Wazazi wakaanza kupata ujumbe wa chanjo mpya wiki ileile. Simu za kliniki zikapungua mezani kwangu, na zilizokuja zilikuwa za kushukuru. Mashine haikufutwa.

Idhini ya ofisi kuu ilichelewa, kama ilivyotabiriwa. Mama Pacha aliifuatilia kwa adabu na bila kuchoka, mpaka karani wa huko akaizoea sauti yake na kuanza kumsalimia kabla hajajitambulisha. Ilipokuja, alimwita Mjomba awe shahidi, akanakili folda yote kwenye flashi. Mjomba ndiye aliyenisimulia jinsi alivyofanya. Aliiambia mashine isitaje jina la faili hata moja wakati wa kunakili. Na kwa kuwa hakuiamini vya kutosha, aliigeuza skrini ikatazama ukuta, wakakaa wote wawili wanazungumza habari za bei ya nyanya mpaka mashine ikalia kwamba imemaliza. Akaitia flashi kwenye bahasha, akaileta mapokezi, akaiweka mbele yangu. Akaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo ofisi ina kanuni mpya, na wengi wanaoifuata hawajui ilikotoka. Mfanyakazi akiondoka, kwa sababu yoyote ile, folda yake haifungwi mpaka iangaliwe kama kuna kazi ya ofisi inayopitia humo, na vitu vyake binafsi haviguswi na mtu kabla yeye au ndugu zake hawajaulizwa. Kuulizwa ndilo neno lililoandikwa. Mama Pacha alilipigania neno hilo katika kikao kirefu, kuna mtu alitaka iandikwe “kujulishwa”, na yeye akakaa kimya mikono mfukoni mpaka yule mtu akabadilisha mwenyewe.

Nilipowauliza wenzangu wanipe la kusema, Mjomba alisema, “Mwandikie kwamba naogopa Jumanne.” Meneja alisema amejifunza kwake kusoma mpaka mwisho wa mstari kabla ya kukasirika, na kwamba mkewe anashukuru. Pacha wake, ambao sasa ni wanawake watu wazima, mmoja muuguzi na mwingine fundi umeme, wanasema wamekubaliana kumzuia asiguse kompyuta zao nyumbani, na kwamba hawana matumaini makubwa. Mwenyewe anasema ataanza kwa kulala mpaka jua limchoke, kisha atakwenda kukaa na mama yake, ambaye bado yuko hai na bado anamwambia avae sweta.

Mimi nina langu moja la kuongeza. Nimekaa mapokezi muda mrefu, nimeona watu wengi wenye funguo za milango ya wengine. Mama Pacha alikuwa na ufunguo wa kila mlango katika jengo hili lisiloonekana, miaka yote hiyo, na sijapata kusikia mlango hata mmoja alioufungua kwa kuwa tu angeweza. Nikilifikiria hilo hushikwa na kitu kama hofu, ile hofu nzuri mtu anayoipata akitazama mlima.

Mpaka leo hakuna mtu katika ofisi hii anayejua mume wangu aliacha nini katika folda ile. Mimi najua, na wanangu wanajua, na inatutosha. Mama Pacha hajui. Hajawahi kuuliza, na hajawahi kunitazama kwa macho ya mtu anayengoja kuambiwa.

Sharti la mhariri sasa naliacha, niseme nawe mwenyewe. Mama Pacha, kwa niaba ya kitengo chako, ya Mjomba, ya meneja, ya wazazi wasiojua jina lako ambao watoto wao walichanjwa kwa wakati, asante. Mungu akupe afya, na miguu isiyouma, na asubuhi nyingi zisizo na haraka. Mama yako umkute na nguvu, na wajukuu wakija wakukute nyumbani.

Nasi tuliobaki huku, utukumbuke.